Nani Alitenda, Nani Ataaminiwa: Usawiri wa Ubakaji katika Tamthilia za Televisheni za Uhalifu, 1952–2020

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya usawiri wa ubakaji katika tamthilia za televisheni za uhalifu za Marekani na Uingereza kuanzia mwaka 1952 hadi 2020. Ni kawaida kuieleza historia hiyo kama safari ya kutoka kwenye ukimya kwenda kwenye usemi. Hoja inayojengwa hapa ni nyingine: msuko wa kipelelezi, ambao umesimama juu ya swali la nani alitenda, uliwavuta waandishi wamchague mbakaji asiyejulikana, ilhali katika maisha mbakaji kwa kawaida anajulikana na kinachobishaniwa ni neno la aliyebakwa. Kazi zilizoleta mageuzi ya kweli ni zile zilizobadili swali lenyewe. Makala yanagusia pia msamiati wa Kiswahili wa kutajia kosa hili, na maana ya tamthilia hizi kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki.

Utangulizi

Msomaji wa riwaya za upelelezi za Kiswahili anaujua msuko huu tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960). Mtu anakutwa ameuawa, washukiwa wanapitiwa mmoja baada ya mwingine, Bwana Msa na kiko chake anayapima maneno ya kila mmoja, na hatimaye fumbo linafumbuliwa. Nasaba ya msuko huo inarudi hadi kwa Sherlock Holmes, na televisheni iliurithi ukiwa umekwisha komaa. Una sifa moja ambayo haizingatiwi sana: aliyedhulumiwa hasemi. Ukimya wake ndio unaompa mpelelezi kazi ya kufanya, na hakuna mhusika anayethubutu kumwuliza maiti kama kweli aliuawa au alijitakia.

Ubakaji hauingii kwa urahisi katika msuko huo. Aliyetendewa kwa kawaida yu hai, anasema, na mara nyingi anamjua aliyemtenda: jirani, mpenzi wa zamani, mwalimu, mume, ndugu. Tafiti za miongo kadhaa nchini Marekani na Uingereza zinakubaliana kwamba wabakaji walio wengi si wageni kwa wale wanaowabaka. Kwa hiyo kinachobishaniwa kituoni na mahakamani, mara nyingi, si nani alitenda bali kama palikuwa na ridhaa. Tamthilia ya uhalifu ilipokutana na kosa hili ilikuwa na njia mbili: kulibadili kosa lifanane na msuko, au kuubadili msuko ufanane na kosa. Kwa sehemu kubwa ya historia yake imefuata njia ya kwanza, na gharama ya uchaguzi huo haikuishia kwenye skrini.

Maneno ya Kutajia

Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili juu ya tamthilia hizi anakabiliwa na uchaguzi kabla ya sentensi ya kwanza. Kitenzi kunajisi, ambacho vyombo vya habari vya Kenya bado vinakitumia sana kwa kosa dhidi ya watoto, kinatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uchafu unaomwondolea mtu twahara. Kwa asili yake, basi, kinauacha uchafu kwa aliyetendewa. Kumwingilia kinataja tendo bila kutaja jinai. Mume na mke nao huingiliana. Kubaka ndicho kinachouweka uzito kwa mtenda, na ndicho kilichoshika mizizi katika lugha ya sheria na habari nchini Tanzania, hususani baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Kwa aliyetendewa kuna mwathiriwa, mhanga na manusura. Mhanga ana harufu ya kafara, na kafara haijitetei. Manusura, neno linalopendwa na watetezi wa haki za wanawake, ni ndugu wa nusura na kunusurika. Linamtazama mtu baada ya tukio. Katika makala haya mwathiriwa anatajwa pale ambapo tamthilia inamwona mtu kama aliyefikwa tu, na manusura pale inapompa maisha baada ya kufikwa. Tofauti hiyo ni ya kimsuko zaidi kuliko ya adabu.

Uchaguzi wa neno una uzito hata nje ya uhakiki. Katika mashauri mengi ya Kenya, mtoto anayetoa ushahidi kwa Kiswahili husema tu kwamba mshtakiwa alimfanyia “tabia mbaya”, na majaji wamelazimika kuamua iwapo tasfida hiyo inatosha kuthibitisha tendo. Malezi yanamfundisha mtoto asitamke. Mahakama inamtaka atamke. Mvutano wa namna hiyohiyo, kati ya heshima inayoficha na sheria inayodai, ndio uliotawala miaka ya mwanzo ya televisheni ya Marekani.

Miaka ya Kanuni

Mwezi Machi 1952 chama cha watangazaji wa Marekani, NAB, kilianza kutumia kanuni za maadili ya televisheni. Kituo kilichozikubali kiliruhusiwa kuonesha nembo ya mwenendo mwema. Kuhusu makosa ya kijinsia kanuni hizo hazikuwa na maneno mengi: kwa ujumla hayakufaa kuwa maudhui ya kipindi. Dragnet ya Jack Webb, iliyoanza katika televisheni miezi michache kabla, ilijivunia kuchota visa vyake katika majalada ya polisi wa Los Angeles, lakini si kila jalada lingeweza kufunguliwa mbele ya familia iliyoketi sebuleni. Sinema ilikuwa na uhuru zaidi kidogo. Otto Preminger alipotoa Anatomy of a Murder mwaka 1959, filamu ambayo ndani yake neno ubakaji linatamkwa waziwazi mahakamani, wakuu wa jiji la Chicago walijaribu kuizuia.

Ukimya huo haukuwa wa watangazaji peke yao. Sheria nayo ilikuwa na mashaka yake ya kale. Jaji Mwingereza Matthew Hale, aliyefariki mwaka 1676, aliacha onyo kwamba shtaka la ubakaji ni rahisi kulitoa na gumu kulithibitisha, na gumu zaidi kwa mshtakiwa kujitetea dhidi yake hata akiwa hana hatia. Onyo hilo lilisomwa mbele ya wananchi wanaoamua kesi katika mahakama za Marekani kwa vizazi na vizazi; California iliacha kulilazimisha mwaka 1975 tu. Katika jimbo la New York, hadi mwaka 1974, neno la mwanamke lilihitaji kuungwa mkono na ushahidi mwingine kabla mtu hajatiwa hatiani kwa ubakaji. Mtu aliyeibiwa saa hakuwekewa sharti hilo. Tamthilia iliyozaliwa katika mazingira hayo isingeweza kwa urahisi kuufanya ushuhuda wa mwanamke kuwa mhimili wa hadithi.

Mwaka 1974

Kisha ukafika mwaka ambao kituo kimoja, NBC, kilionesha filamu mbili za televisheni ambazo zinastahili kusomwa pamoja.

Ya kwanza, A Case of Rape, ilirushwa tarehe 20 Februari 1974. Elizabeth Montgomery, ambaye watazamaji walimzoea kama mchawi mcheshi wa Bewitched, aliigiza mama wa nyumbani anayebakwa na mwanamume anayefahamiana naye. Mara ya kwanza hasemi. Mwanamume yuleyule anarudi na kumbaka tena, na safari hii anakwenda polisi. Kuanzia hapo filamu inaacha kabisa mambo ya upelelezi, kwa kuwa hakuna cha kupeleleza: jina la mtenda linajulikana tangu mwanzo. Kinachofuata ni hospitali, maswali ya askari, mawakili, na mume anayeanza kumtazama mkewe kwa jicho jingine. Mshtakiwa anaachiwa huru. Ndoa inavunjika. Filamu hiyo ilitazamwa na watu wengi mno, na ilionesha kwa vitendo kwamba hadithi ya ubakaji inaweza kuwashika watazamaji bila fumbo lolote la nani alitenda. Waliofuata hawakuichukua njia hiyo, na hilo ndilo la kushangaza.

Ya pili, Born Innocent, ilirushwa Septemba mwaka huohuo. Linda Blair, binti wa The Exorcist, aliigiza msichana katika kituo cha kurekebishia tabia ambaye wasichana wenzake wanambaka kwa mpini wa kifaa cha kuzibulia bomba. Siku chache baadaye mtoto wa miaka tisa alishambuliwa katika ufuko wa San Francisco kwa namna iliyofanana na tukio hilo. Familia yake iliishtaki NBC, na shauri likaendelea kwa miaka kadhaa. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ya California ilikataa dai hilo, kwa sababu uhuru wa kujieleza ulikilinda kituo isipokuwa kama ingethibitishwa kwamba kipindi kilichochea uhalifu kwa makusudi. Kisheria hoja hiyo inaeleweka. Hata hivyo, mjadala mzima uliotokea ulihusu wingi wa kilichooneshwa: dakika ngapi, saa ngapi za usiku, mbele ya nani. Mwaka 1975 vituo vikatenga saa ya kwanza ya jioni kwa ajili ya familia. Swali ambalo A Case of Rape ililiuliza, kwamba hadithi hii inamwamini nani, lilifunikwa na swali la pazia lishushwe wapi.

Askari Mwema

Lisa Cuklanz, katika Rape on Prime Time (2000), alichunguza vipindi vya televisheni ya Marekani vilivyorushwa kati ya mwaka 1976 na 1990 na kubaini msuko mmoja uliorudiwarudiwa. Mbakaji ni mgeni, katili, ana silaha. Mwathiriwa hana doa, ili mtazamaji asipate nafasi ya kumshuku. Mpelelezi ni mwanamume mwenye huruma ambaye anamfariji, anamkemea mwenzake mwenye mawazo ya kizamani, kisha anamsaka mhalifu hadi anamnasa. Mwanamke analia mwanzoni mwa kipindi, na mara nyingi hasikiki tena.

Ni rahisi kuudharau msuko huo, lakini ulifanya kazi fulani. Hoja ambazo vuguvugu la wanawake lilizipigania, na ambazo Susan Brownmiller alizisambaza kupitia Against Our Will (1975), ziliingia katika nyumba za watu wasiosoma vitabu vya namna hiyo, tena zikiwa zimewekwa kinywani mwa askari. Ubakaji si tamaa bali ni mabavu. Mavazi si mwaliko: haya yalisemwa na mwanamume mwenye beji. Tatizo ni kwamba mwathiriwa aliaminiwa kwa sababu mwandishi alikwisha kumwondolea kila kitu ambacho kingeleta shaka. Mtazamaji hakufundishwa kuamini. Alipewa kisa ambacho hakikuhitaji imani. Yule mwanamke wa kawaida, aliyekunywa, aliyemkaribisha mtu nyumbani, aliyechelewa kutoa taarifa, hakuwa na kipindi chake.

Alianza kukipata kuelekea mwisho wa miaka ya 1980. Katika msimu wa mwisho wa Cagney & Lacey (1982–1988), Christine Cagney mwenyewe, askari mpelelezi, anabakwa na mwanamume aliyetoka naye. Uamuzi wa kumfanya mpelelezi awe ndiye mlalamikaji uliuvunja ukuta kati ya meza mbili za kituo cha polisi. Mtu ambaye kwa miaka sita mtazamaji alikuwa ameyaona mambo kupitia macho yake sasa alihitaji kuaminiwa na wengine.

Chumba cha Mahojiano cha Thames Valley

Nchini Uingereza mageuzi hayakuanzia kwenye tamthilia. Januari 1982 BBC ilirusha kipindi cha mfululizo wa uhalisia ulioitwa Police, kilichotayarishwa na Roger Graef na Charles Stewart ndani ya jeshi la polisi la Thames Valley. Kamera ilikaa kimya ndani ya chumba ambamo askari watatu wanaume walimhoji mwanamke aliyekuja kulalamika kwamba amebakwa. Walimkatiza, walimkejeli, walimwambia wazi kwamba hawakusadiki hadithi yake. Sura yake haikuoneshwa. Nchi iliona sura za askari.

Hasira iliyofuata ilifika bungeni, na mwaka 1983 wizara ya mambo ya ndani ilitoa mwongozo kwa polisi kuhusu namna ya kuwashughulikia wanaolalamika kubakwa. Kwa mwanahistoria wa sanaa za maonesho, umuhimu wa kipindi hicho uko katika mahali kamera ilipowekwa. Hakikuonesha tendo la kubakwa hata kidogo. Kilionesha tendo la kutoaminiwa, na watazamaji walilitambua kama ukatili wa pili. Hakuna tamthilia ya wakati huo iliyokuwa imethubutu kuliweka jambo hilo kitovuni namna hiyo, pengine kwa sababu askari wa tamthilia alipaswa kupendwa.

Miaka tisa baadaye Lynda La Plante alilichukua somo hilo katika Prime Suspect (1991). Jane Tennison, aliyeigizwa na Helen Mirren, anapokea kesi ya mwanamke aliyebakwa na kuuawa, na jambo la kwanza analogundua ni kwamba wanaume waliomtangulia wamemtambua marehemu kimakosa. Walidhani ni kahaba fulani; kumbe ni mwanamke mwingine kabisa. Kosa lenyewe linasema mengi: kiongozi wa upelelezi alimjua yule kahaba kwa ukaribu usiostahili, na hakuna aliyejishughulisha kuchunguza zaidi baada ya mwili kupachikwa jina la hadhi ya chini. La Plante aliubakiza msuko wa nani alitenda, lakini aliliongezea swali linaloukereketa kutoka ndani, yaani ni wanawake gani ambao kituo kinaona wanastahili kupelelezewa.

Bado, mwathiriwa wake ni maiti. Mwaka mmoja kabla, Twin Peaks ya Marekani ilikuwa imeanza na mwili wa msichana uliofungwa kwenye plastiki kando ya maji, na taswira hiyo ya mrembo aliyekufa ikawa karibu sharti la utanzu huu kwa miongo miwili iliyofuata. Inafaa kusema kwa haki kwamba Twin Peaks ilimpeleka mtazamaji hadi ndani ya nyumba ya baba, mahali ambapo tamthilia nyingi hazikutaka kufika. Warithi wake walibeba plastiki na kumwacha baba. The Fall ya BBC (2013) ilimtambulisha muuaji tangu mwanzo na kumpa Gillian Anderson nafasi ya kusema maneno makali kuhusu chuki dhidi ya wanawake. Wahakiki walilalamika kwamba wakati mdomo wa mpelelezi unalaani, kamera inaendelea kuipamba miili.

Maabara na Rafu za Detroit

Law & Order: Special Victims Unit ilianza NBC tarehe 20 Septemba 1999. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mfululizo mkubwa wa uhalifu kuyafanya makosa ya kijinsia kuwa mada yake ya kila wiki, na mwaka 2019, ilipoingia msimu wa 21, iliipita misimu 20 ya Gunsmoke na ya Law & Order yenyewe. Mhusika wake mkuu, Olivia Benson, ni mtoto wa mwanamke aliyebakwa. Kile kilichokuwa hakifai kuwa maudhui ya kipindi mwaka 1952 sasa kilikuwa maudhui ya kila kipindi.

Cuklanz na Sujata Moorti, katika uchunguzi wao wa mwaka 2006, waliona pande mbili za mfululizo huu. Kwa upande mmoja, unaijua vizuri elimu ya ubakaji: unaeleza ridhaa, unakataa visingizio, unawatambua wanaume na watoto kama waathiriwa. Kwa upande mwingine, unapenda kumalizia visa vyake kwa mama mbaya au mwanamke mdanganyifu. Sababu yake, kwa mtazamo wa makala haya, ni ya kimsuko. Kipindi cha dakika arobaini na kitu kinahitaji kugeuka mara moja au mbili kabla ya mwisho, na njia nyepesi ya kukigeuza ni kufichua kwamba mlalamikaji alisema uongo. Fumbo lina njaa, na linapokosa cha kula linakula neno la mwanamke.

Hata hivyo, athari za mfululizo huo kwa watazamaji hazikuwa mbaya zote. Utafiti wa Stacey Hust na wenzake (2015) miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu ulikuta kwamba waliotazama tamthilia za familia ya Law & Order walikuwa na mwelekeo mdogo zaidi wa kukubali visingizio vya ubakaji na mwelekeo mkubwa zaidi wa kuheshimu ridhaa; kwa watazamaji wa CSI picha ilielekea upande mwingine. Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kipindi ndicho kilichomfanya mtu awe alivyo. Lakini tofauti kati ya tamthilia mbili inadokeza jambo: moja inamfikisha mwathiriwa mahakamani, nyingine inampeleka maabara.

CSI ilianza CBS mwaka 2000, na ndiyo iliyokamilisha ndoa ya ubakaji na sayansi. Chombo chake kikuu ni kisanduku cha ushahidi wa ubakaji, ambacho kilianza kutumika katika hospitali za eneo la Chicago mwaka 1978 kutokana na juhudi za Marty Goddard, ingawa kilipewa jina la ofisa wa polisi, Louis Vitullo. Katika tamthilia kisanduku kinapelekwa maabara na jibu la vinasaba linarudi kabla ya tangazo lijalo la biashara. Mwaka 2009, katika jengo la kuhifadhia vielelezo la polisi wa Detroit, viligunduliwa visanduku zaidi ya 11,000 ambavyo havikuwahi kupimwa. Uhaba wa fedha ulikuwa sababu mojawapo. Watafiti waliosoma majalada walikuta sababu nyingine: polisi hawakuwaamini wanawake waliotoa ushahidi huo kutoka miilini mwao, hivyo hawakuona haja ya kuupima. Vilipopimwa hatimaye, vinasaba viliwaonesha mamia ya wanaume walioshukiwa kubaka zaidi ya mara moja.

Kwa miaka kumi mtazamaji alifundishwa kwamba sayansi itaondoa haja ya kumwamini mwanamke. Detroit ilionesha kwamba bila kumwamini, sayansi haifikiwi hata kwenye rafu. Mariska Hargitay, anayemwigiza Benson, alilielewa hilo mapema kuliko tamthilia yake. Baada ya kupokea barua za watazamaji waliomsimulia yaliyowapata, alianzisha taasisi ya Joyful Heart mwaka 2004, ikajiingiza katika kampeni ya kuvipima visanduku vilivyorundikana. Mwaka 2017 akawa mmoja wa watayarishaji wa filamu ya uhalisia I Am Evidence. Manusura waliomwandikia mwigizaji badala ya polisi walikuwa wametoa hukumu yao juu ya nani angewasikiliza.

Jambo hili linamgusa mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa kwa namna ya pekee, kwa kuwa tamthilia hizi zinamfikia kupitia king'amuzi bila mfumo wa sheria uliozizaa. Nchini Tanzania anayebakwa hukutana kwanza na fomu ya PF3, karatasi inayotoka polisi kwenda kwa daktari. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe, na sheria ya ushahidi, kutokana na mabadiliko yaliyoletwa na sheria ya 1998, inaruhusu mtu atiwe hatiani kwa ushahidi huo pekee mahakama ikiridhika kwamba shahidi anasema kweli. Msimamo huo una ukosoaji wake, hususani kutoka kwa wanaohofia haki ya mshtakiwa. Lakini mtazamaji aliyelelewa na CSI atadhani kwamba pasipo maabara hapana kesi, na kwamba aliyeoga kabla ya kwenda kituoni amekwisha kushindwa. Sheria ya nchi yake haisemi hivyo.

Swali Linapogeuzwa

Msimu wa tatu wa Broadchurch (ITV, 2017) ulisifiwa kwa haki. Chris Chibnall aliuandika kwa ushauri wa mashirika yanayowasaidia waliobakwa, na sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza inamfuata Trish Winterman katika uchunguzi wa kitabibu: karatasi anayosimama juu yake akivua nguo, pamba zinazopita mdomoni, sauti tulivu inayoomba ruhusa kabla ya kila hatua. Yeye si binti mrembo bali mwanamke wa makamo mwenye mtoto, anayefanya kazi dukani. Polisi wanamwamini tangu dakika ya kwanza. Hata hivyo, baada ya kuanza hivyo, tamthilia inarudi kwenye orodha ya wanaume waliohudhuria sherehe na kumweka mtazamaji kwenye kazi ya kukisia kwa majuma kadhaa. Trish anaaminiwa, kisha anasogezwa pembeni. Fumbo limeshinda tena, safari hii kwa heshima zote.

Unbelievable, mfululizo wa vipindi vinane uliotolewa na Netflix Septemba 2019, ulipata njia ya kutosogeza mtu pembeni. Chimbuko lake ni habari ya uchunguzi ya T. Christian Miller na Ken Armstrong, iliyochapishwa mwaka 2015 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mwaka 2008, katika mji wa Lynnwood jimboni Washington, msichana wa miaka kumi na minane aliyelelewa katika familia mbalimbali za malezi alisema amebakwa na mtu aliyeingia nyumbani kwake. Polisi walimtilia shaka, wakambana hadi akasema alitunga, kisha wakamshtaki kwa kutoa taarifa ya uongo. Alitozwa dola 500.

Mfululizo unaisimulia hadithi yake kwa mkondo mmoja na kazi ya wapelelezi wawili wanawake wa Colorado, mwaka 2011, kwa mkondo mwingine. Katika mkondo wa Colorado mbakaji ni mgeni, na msuko wa kale unafanya kazi yake kama kawaida. Katika mkondo wa Washington hakuna fumbo kabisa. Kuna msichana anayetakiwa kurudia maelezo yaleyale kwa askari wa doria, kwa mpelelezi, kwa muuguzi, kwa mpelelezi tena, halafu kwa maandishi. Kila marudio yanazaa tofauti ndogo, na kila tofauti ndogo inaandikwa dhidi yake. Ubakaji wenyewe unaonekana kwa vipande tu, kutoka mahali macho yake yalipokuwa. Kwa kuwa mtazamaji amepata kuuona mkondo wa pili, anajua kwamba Marie Adler, kama anavyoitwa katika tamthilia, anasema kweli; kinachomkaba koo ni kuwatazama watu wasio waovu wakiufikia uongo hatua kwa hatua. Hapa A Case of Rape ya 1974 inapata mrithi wake, baada ya miaka arobaini na mitano.

Lakini ni lazima kuuliza ni nini hatimaye kilichomsafisha. Si kwamba mtu yeyote wa Lynnwood aliyarudia maneno yake na kuyasadiki. Wapelelezi wa Colorado walipomkamata mbakaji, walikuta katika vifaa vyake picha alizompiga msichana huyo, kitambulisho chake kikiwa kimewekwa kifuani. Mji ulimlipa dola 150,000 kumaliza shauri alilofungua. Ushahidi uliohesabika, katika maisha na katika tamthilia, ulitoka kwenye kamera ya aliyembaka.

Mwaka uliofuata Michaela Coel alitoa I May Destroy You kupitia BBC na HBO. Arabella, mwandishi kijana wa London, anatiliwa dawa kwenye kinywaji na kubakwa. Wapelelezi wanawake wanaoishughulikia kesi yake wanamsikiliza kwa upole na wanamwamini. Hakuna picha inayopatikana. Kabla mfululizo haujafika mwisho, polisi wanamjulisha kwamba jalada limefungwa kwa kukosa ushahidi, na tamthilia inaendelea bila wao.